Mbwa wa Ruwi Anayesikia Kiswahili

Ruwi, Maskati
11 Oktoba 1966

Kwa mjomba wangu Muslim bin Sleyum, Mtambile, Pemba.

Assalaam aleikum. Nakuandikia nikiwa mzima, na wa nyumba hii wote wazima. Namuomba Mungu barua hii ikukute wewe na Bi Hind mmekaa barazani mkinywa kahawa, wala si kitandani na homa.

Barua yako ya mwezi wa Juni imenifikia juzi. Bahasha ilikuwa imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi nyingi, lakini maneno yote yamo. Umeniuliza Maskati ikoje. Mimi sikai Maskati yenyewe, ile yenye malango. Nakaa Ruwi, bondeni, kwenye mitende na visima, na mbele yetu kiwanja cha ndege. Milima ni mawe matupu. Nilipofika niliuliza miti imekwenda wapi, wakacheka mpaka Bi Kheiria, mama mkwe wangu, akakaa chini. Kiarabu changu bado kinawachekesha wanawake kisimani, lakini si kwa ubaya. Mume wangu Bakhit yuko Kuweti kwa kazi.

Sasa nikwambie lililonifanya niombe karatasi. Hapa nyumbani tuna mbwa.

Mzungu mmoja aliyekuwa akipima milima alirudi kwao, akamwachia baba mkwe wangu, Mzee Aflah, kwa sababu mbweha walikuwa wanatumalizia watoto wa mbuzi. Ni mkubwa, rangi ya mchanga, sikio moja limechanika. Wao wanamwita Barud, na mimi namwita Baruti, maana yake ni ile ile. Kazi yake ni kukaa na mbuzi, na mbweha tangu aje hawasogei. Taabu ni kwamba hajui kutulia. Nikifungua zizi asubuhi anaruka, anazunguka, anabweka mpaka povu linamtoka, na mbuzi wanapandana. Mmoja mwenye mimba ameitupa. Ndege ikiruka, anaikimbiza. Punda akipita, anamkimbiza. Wiki iliyopita amemshika pindo jirani yetu Muhsina, mama wa Kibaluchi. Hakumng'ata, lakini nguo ilichanika na maneno yakawa mengi.

Mzee Aflah amesema, "Mbuzi wakizaa salama, abaki. Wakitupa tena, bunduki yangu iko ukutani."

Na mchunga mbuzi ni mimi, mjomba! Aliyekuwa akichunga amekwenda kufanya kazi kwenye bomba la mafuta. Mimi niliyekuwa nikifundisha hesabu skuli Unguja, leo nna fimbo mkononi.

Nakumbuka mbwa wako wa kusaka nguruwe. Marehemu mama alinikataza kuwasogelea, nikawa nawachungulia dirishani. Mwituni walikuwa moto, na nyumbani wamelala kama mikeka. Uliwafanya nini?

Mpwa wako,
Nasriya


Mtambile, Pemba
2 Desemba 1966

Mwanangu Nasriya,

Wa aleikum salaam. Barua yako imesomwa hapa mara nyingi kuliko gazeti. Bi Hind anakusalimu, goti lake bado linamsumbua lakini ulimi mzima. Umetaja Bakhit kwa maneno machache, ukanipa kurasa nzima za mbwa. Haya. Nitakuuliza siku nyengine.

Huku mvua imenyesha vizuri. Khabari nyengine za hapa hazina faida kwenye barua. Wewe niandikie khabari za mbwa, kwa urefu uutakao. Mbwa hana ugomvi na mtu, na anayeisoma barua kabla yangu atapata elimu.

Unaniuliza niliwafanya nini mbwa wangu. Siwezi kukujibu kabla sijamjua huyo wako. Kwanza usimpige, na mzee wa nyumba mwombe kwa adabu asimpige. Pili, mtazame. Watu humwona mbwa akisharuka, wakasema ameruka ghafla. Si ghafla. Jambo limeanza mbali, kwenye masikio, kwenye mkia, kwenye miguu ya mbele inayokanyaga pale pale. Nataka unijibu haya: Anakula saa gani, na mkono wa nani? Analala wapi, na hapo alalapo watu wanapita au hawapiti? Nani anamsemesha, na kwa maneno gani? Na kabla hajaanza wazimu wake asubuhi, kitu gani kinatangulia? Usiniambie "zizi linafunguliwa." Nenda nyuma zaidi.

Nna hamu kubwa ya kujua. Mbwa wangu wote walizaliwa mikononi mwangu. Sijapata kumshika aliyekwishaharibiwa na mtu mwengine.

Mjomba wako,
Muslim


Ruwi
20 Januari 1967

Mjomba wangu mpenzi,

Eid yenu imekuwaje? Yetu njema. Bi Kheiria alipika, mimi nikajaribu vitumbua kwa unga wa huku, vikatoka vigumu, na Mzee Aflah akavila vyote. Nilimpenda siku ile. Bi Hind mpe pole ya goti, alikande kwa mafuta ya simsim yaliyopashwa moto.

Nimekuwa mpelelezi, mjomba. Nimekaa juu ya jiwe nimejifunika buibui kama mzigo, namtazama mbwa. Majibu yako haya hapa.

Hana saa ya kula. Anayekumbuka ndiye anayemtupia vichwa vya dagaa, na mara nyingi anatupiwa kwa sababu anapiga kelele, ili anyamaze. Analala njiani, kati ya kisima na mlango, kila anayepita anamruka au anamfukuza. Maneno ni vurugu tupu. Mzee anamwambia "ruh" akitaka aende, Bi Kheiria anamwambia "barra" akitaka atoke, watoto wa jirani wanampigia mluzi, na mimi namwambia kila linalonijia mdomoni. Hakuna neno ambalo kwake lina maana moja.

Na kinachotangulia, mjomba, nimekipata! Nilidhani ni komeo la zizi. Nikarudi nyuma: ni mimi ninapochukua kamba kwenye msumari. Nikarudi nyuma tena: ni mimi ninapojifunga mtandio kwa haraka. Nikiuchukua tu, masikio yake yanasimama, na miguu inakanyaga pale pale kama ulivyosema. Nikifika zizini ameshaiva.

Tena Ramadhani imenionesha jambo. Nyumba nzima ilibadilika, tukawa tunalala baada ya Alfajiri, mbuzi wanatoka jua limepanda. Baruti alizidi kuchanganyikiwa. Alikuwa anakuja mlangoni, anatuangalia, anakwenda zizini, anarudi. Nilimuonea huruma. Alikuwa kama mtu aliyesahauliwa kuambiwa.

Mbuzi wamezaa, wengi salama. Bunduki bado iko ukutani.

Kweli barua zako zinanifanya niamke na hamu. Nilikuwa naamka bila hamu.

Nasriya


Mtambile
19 Machi 1967

Mwanangu,

Nimefurahi mpaka nimemsomea Bi Hind mara mbili kipande cha mtandio. Kasema, "Huyo kachukua macho ya mamake." Kweli. Sasa nisikilize, maana umefanya sehemu ngumu.

Mchagulie mahali pake, penye kivuli, pembeni, pasipo njia. Weka gunia. Akiwa hapo ni marufuku mtu kumgusa, kumwita wala kumtupia kitu, hata baba mkwe wako. Mbwa asiyekuwa na pa kupumzika atakuwa zamu wakati wote, na aliye zamu wakati wote hupagawa.

Chakula akipate kwako, ukishasali Alfajiri, kila siku. Ushike bakuli usimame. Akiruka, liinue. Akikaa, literemshe. Usiseme neno. Ataona mwenyewe kwamba kelele zinalipeleka bakuli mbali.

Kamba na mtandio uvue utamu. Jifunge mtandio, kisha kaa ukachambue mchele. Chukua kamba, zunguka nayo uwani, itundike. Fanya hivyo mchana, jioni, utakapokumbuka, mpaka akikuona na kamba apige miayo. Hapo ndipo uanze kutoka naye. Na usitoke naye moja kwa moja zizini. Mtembeze kwanza njia moja, ile ile, mpaka pumzi yake iwe ya kawaida. Ukifika zizini mwambie alale. Asipolala, zizi halifunguki. Siku ya kwanza mbuzi watatoka wamechelewa na watu watanuna. Vumilia.

Jioni, kazi ikisha, umuoneshe kwamba imekwisha: kamba, maji, gunia, basi.

Maneno yawe machache, na yawe yako peke yako. Kwa kuwa kila mtu anamkemea kwa Kiarabu, mfundishe kwa Kiswahili. Huko ni nani atakayemharibia?

Bakhit hajambo?

Mjomba wako


Ruwi
28 Mei 1967

Mjomba,

Salamu nyingi kwako na Bi Hind. Joto limeanza, usiku tunalala juu ya dari na kuamka na jasho. Tende zinaanza kugeuka rangi.

Nikupe kwanza tamu. Nimefanya kama ulivyoniambia. Siku ya bakuli nilisimama mpaka mkono ukafa ganzi, Baruti anaruka, bakuli linapanda, na Bi Kheiria kasimama mlangoni ananitazama kama aliyemwoza mwanawe kwa mwendawazimu. Kisha mbwa akachoka, akakaa. Nikateremsha. Akaruka, nikainua. Akakaa. Sura yake, mjomba! Alinitazama mimi, akalitazama bakuli, akanitazama tena. Nimewaona wanafunzi wangu na sura ile siku wanapoelewa kugawanya.

Kwa mtandio nimechambua mchele mwingi kuliko unaoliwa nyumba hii. Lakini leo nikijifunga, hafungui hata jicho. Ana maneno yake: lala, haya, yaani wazunguke mbuzi kwa mbele, ngoja, basi. Watu wanapita kumsikia mbwa akisemeshwa Kiswahili. Mzee Aflah nimemsikia nyuma ya nyumba akijaribu peke yake, "Lara. Lara." Baruti hakuwepo hata karibu.

Sasa chungu. Wanapasua mawe mlimani kutengeneza njia ya magari, na safari hii wamekuja karibu. Mlipuko wa kwanza ulitokea tukiwa malishoni. Sikuonywa, na mbwa hakuonywa. Alikwenda kama risasi. Aliwakusanya mbuzi, akawasukuma, akawang'ata miguu, wakakimbilia magengeni. Mbuzi mmoja wa maziwa akavunjika mguu, ikabidi achinjwe pale pale.

Jioni Mzee aliteremsha bunduki. Kiarabu chote kilinitoka. Aliyesema ni Bi Kheiria. Alisimama mbele ya mumewe na unga mikononi, akamwambia, "Huyu msichana tangu afike nyumba hii hajapata kucheka ila na mbwa huyu. Ukimwua, wewe ndiwe utakayekaa na huzuni yake." Mzee akairudisha ukutani. Akasema atangoja mpaka mavuno ya tende yaishe.

Sikujua kwamba mama mkwe ananitazama hivyo.

Milipuko inaendelea, na hakuna anayejua saa yake. Utaratibu wetu wote unavunjika kwa jambo lisilo na utaratibu. Nifanye nini? Nijibu upesi, tafadhali.

Nasriya


Ruwi
14 Septemba 1967

Mjomba Muslim,

Assalaam aleikum. Sijapata barua yako. Labda imepotea, au yangu ndiyo iliyopotea. Nauliza hali yako na ya Bi Hind, kisha nauliza tena.

Tende zimevunwa. Mzee Aflah hakutaja bunduki, nami sikumkumbusha. Kwa kuwa hukunijibu, nimejaribu akili yangu. Nimekwenda na Baruti mbali na mlima, mahali ambapo mlipuko unasikika kama mlango unaofungwa nyumba ya pili. Namlaza, nakaa karibu naye, nashona. Mlipuko ukilia, naendelea kushona, na akibaki amelala namrushia kichwa cha dagaa. Kila siku tunasogea kidogo. Sijui kama ni sawa. Ningependa uniambie kama ni sawa.

Mjomba, hata mstari mmoja.

Nasriya


Mtambile
6 Februari 1968

Mwanangu Nasriya,

Barua zako mbili nimezikuta nyumbani, Bi Hind kaziweka chini ya mto. Sikuwa mgonjwa wala safarini. Nilikuwa mahali ambapo mlango hufungwa kwa nje. Sasa nimerudi, nala, nalala, natembea mpaka msikitini. Hilo litoshe.

Mbwa wangu usiniulize. Nilipoondoka hakukuwa na wa kuwalisha, na Bi Hind alikuwa na mambo mengine ya kuhangaikia.

Unaniuliza kama ulichofanya ni sawa. Ni sawa, na mimi nisingelifikiria. Mbwa wangu hawakujua mlio mkubwa kuliko ngoma ya debe. Kwa hivyo hapo umenipita, na mimi ndiye ninayetaka kujua: Alianza lini kubaki amelala bila ya kupewa dagaa? Alikuwa akikutazama wewe au akitazama mlima?

Ila nami nna moja la kuongeza. Nimelipata huko nilikokuwa, kwa sababu nilikuwa na wakati mwingi. Mlangoni kwetu mtu alikuwa akija saa yoyote. Pengine na chakula, pengine na maneno, pengine kumchukua mwenzetu mmoja. Hatukujua. Kila hatua ikisikika nje, moyo unaruka. Halafu akaja mlinzi mwengine, mtu mkimya, ambaye kabla ya kufungua alikuwa akigonga funguo ukutani, taratibu. Chakula kilikuwa kile kile na kuta zile zile. Lakini zamu yake watu wazima walikuwa wakilala usingizi.

Nikamfikiria Baruti wako. Huwezi kuuzuia mlipuko, lakini pengine unaweza kumgongea ukutani kabla. Tafuta kama wapasua mawe wana ishara. Lazima wanayo, wao pia wanaogopa kufa. Ukiijua ishara, mwambie mbwa "ngoja" kabla ya kila mlipuko, na ukisha kupita mwambie "basi." Ajue unaanza na ajue unakwisha.

Nasriya, nimekuuliza Bakhit katika kila barua. Sasa naacha kukuuliza. Ukitaka, utasema.

Mjomba wako,
Muslim


Ruwi
23 Aprili 1968

Mjomba wangu,

Nimelia nikiisoma barua yako, kisha nikanawa uso nikaenda kuwatafuta wapasua mawe. Mungu akulinde. Nabusu mkono wako na wa Bi Hind. Sitakuuliza usilotaka.

Ulisema kweli, wana ishara. Mtu mmoja hupanda jiwe akapepea kitambaa chekundu na kupuliza filimbi. Miezi yote ile nilikuwa naitazama milima wala sikukiona kitambaa! Tangu hapo, filimbi ikilia, namwambia "ngoja." Na ulivyouliza: alikuwa akinitazama mimi. Mlima hautazami kamwe.

Sasa nikuhadithie la wiki iliyopita.

Mvua ilinyesha mlimani, kwetu jua linawaka. Mimi na Bi Kheiria tulikuwa ng'ambo ya pili ya bonde na mbuzi wote, yeye amekuja kuokota kuni. Huku bonde ni njia kavu ya kokoto, watu na punda hupita humo mwaka mzima. Tukasikia mngurumo. Nilidhani ni gari. Bi Kheiria aliangusha kuni akapiga kelele, "Wadi! Wadi!" Ndivyo wanavyoliita bonde likijaa maji. Maji yalikuja kwenye kona, mjomba, rangi ya chai ya maziwa, yamebeba mitende mizima, yanasukuma mawe yanagongana.

Mbuzi wakataharuki, na mbuzi akitaharuki hukimbilia nyumbani. Nyumbani kuko ng'ambo. Wakaanza kuteremka bondeni, beberu wetu mbele, na Bi Kheiria mbele ya beberu akijaribu kumzuia kwa mikono, miguu yake iko kwenye kokoto za ukingoni.

Baruti alikuwa kasimama anatetemeka. Namjua akitetemeka vile, kinachofuata ni kukimbiza. Na angekimbiza, angewatia wote majini, na mama mkwe pamoja nao.

Sikupiga kelele. Nikamwambia, kwa sauti ya kila asubuhi, "Haya." Akatoka mbio, akawazunguka akapita mbele yao, kati ya Bi Kheiria na beberu. Nikasema, "Lala."

Akalala. Mjomba, alilala pale ukingoni, tumbo chini, maji yanampita nyuma ya mkia yakinguruma, na macho kwangu. Mbuzi wakasimama. Beberu alimtazama, akapiga mguu chini, akageuka. Mmoja mmoja wakarudi kupanda. Bi Kheiria akapanda kwa magoti, nikamvuta. Baruti hakuinuka mpaka niliposema "basi," na nilichelewa kusema, maana nilikuwa nimesahau maneno yote.

Tulikaa juu ya mwamba mpaka alasiri tukingoja maji yapungue. Bi Kheiria ameshika udhu maisha yake yote mbali na mbwa, na bakuli la Baruti analisogeza kwa kijiti. Siku ile aliunyosha mkono, akauweka juu ya kichwa chake. Akasema, "Nitaosha baadaye."

Hapo juu ya mwamba ndipo aliponiambia. Bakhit ameoa Kuweti, na talaka yangu ilikuja kwa mkono wa msafiri tangu mwaka juzi. Mzee alikuwa ameificha kwa sababu aliona haya, na aliogopa nitaondoka. Mimi nilikuwa ninajua kitambo, mjomba. Wanawake kisimani walikuwa wameshaniambia. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani wakijua ninajua, watanitoa. Kumbe nyumba nzima tulikuwa tunaogopana kwa jambo moja. Tulicheka, tukalia.

Jioni Mzee aliniita akasema, "Mwanangu wa kiume ameondoka. Binti yangu yupo." Kisha akamgeukia mbwa akamwambia, "Lara." Na mbwa, kwa heshima, akalala.

Nasriya


Mtambile
30 Julai 1968

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako kwa Bi Hind, nikafika pale pa ukingoni akaniambia, "Rudia." Nikarudia. Kwa Bakhit sina la kusema ila Mungu amekupa wazazi badala ya mume. Wape salamu zangu wote wawili, uwaambie nimewaweka moyoni.

Huku msimu umekwisha. Shambani siendi tena, shamba lina wenyewe wengine. Nimezoea kuamka Alfajiri nikatoka, na sasa natoka nasimama mlangoni, sijui mguu uende wapi.

Nimepata hamu kubwa ya kumwona huyo mbwa. Bi Hind naye anayo. Sikwambii zaidi ya hapo, wewe ni mwerevu.

Mjomba wako


Ruwi
9 Novemba 1970

Kwa mjomba wangu Muslim na Bi Hind,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Barua zetu za miaka hii miwili zimekuwa za salamu tu, kwa sababu kila nilipotaka kuandika zaidi sikuwa na jawabu. Mzee Aflah alikwenda kukuombea ruhusa ya kuingia, akakataliwa. Akaenda tena, akakaa nje ya ofisi na bakora yake mpaka wakamwambia arudi kwake. Sikukuandikia hayo, nilidhani yangekuvunja.

Leo nakuandikia. Mambo yamegeuka huku tangu Sultani mpya ashike nchi, umesikia bila shaka. Wanaotoka kwenu wanaingia, kila wiki tunasikia sauti mpya za Kiswahili sokoni Matrah, na mimi nasimama nasikiliza kama mjinga. Mzee amekwenda tena, na safari hii karudi na karatasi. Imo ndani ya bahasha hii, majina yenu yote mawili. Ameishika njia nzima kwenye gari wala hakuikunja.

Mimi nimeitwa skuli. Wanafungua madarasa ya wasichana na hawana walimu wa kike. Waliponiuliza nnajua nini, nilisema hesabu, na kuchunga mbuzi. Wakaandika hesabu. Nitatoka asubuhi na mapema kila siku, na hapo ndipo penye taabu: asubuhi ni ya Baruti. Ametulia miaka hii kwa sababu kila siku inafanana na ya jana, na sasa mtu wake wa asubuhi anaondoka. Ametia mvi mdomoni, lakini baruti bado ni baruti.

Kwa hivyo nimeanza kumzoesha. Nafunga mtandio, naondoka, narudi. Naondoka zaidi, narudi. Na kamba anaichukua mtu mwengine, kwa saa ile ile, kwa njia ile ile. Kwa sasa ni Mzee Aflah. Matamshi yake mabaya, lakini mbwa anamvumilia.

Ukifika, mjomba, usimwite wala usimtazame machoni. Kaa naye karibu na gunia lake, tazama kwengine, umwache akunuse mpaka atosheke. Kesho yake, Alfajiri ikisha kusaliwa, bakuli litakuwa juu ya ukuta wa kisima.

Mzee anasema wazi kwamba anakushikia zamu tu. Kila asubuhi, akiitundika kamba, ananiuliza meli ya Mombasa inafika lini.

Mpwa wako,
Nasriya